Kipimo cha Ndege

Katika mtoto wa meza yangu mna kadi ndogo ya plastiki, sawa na kitambulisho kwa ukubwa, ambayo hainifai kitu katika nchi hii. Ni cheti cha urubani nilichokipata Marekani mwaka 2012 nilipokuwa nikisoma huko. Juu yake pameandikwa kuwa mimi ni rubani wa michezo. Jina hilo huwachekesha wanafunzi wangu, maana hudhani kuwa nalikuwa nikishindana mbio na wenzangu angani. Sikushindana na mtu. Maana yake ni kwamba naliruhusiwa kurusha ndege ndogo kwa furaha yangu, si kwa ujira. Mchana, wala si usiku. Tena nikiwa na abiria mmoja na si zaidi.

Kadi hiyo ndiyo iliyonipa rafiki aliyenizidi umri kwa miaka arobaini na minne. Ndiyo pia iliyonifanya nifuatilie, kwa zaidi ya miaka kumi, sheria ya nchi isiyo yangu mpaka ilipobadilishwa mwaka 2025. Nataka kueleza sheria hiyo ilikuwa nini, na ilimtenda nini mtu mmoja niliyemjua.

Watu wengi hudhani kuwa rubani ni rubani tu, na ajuaye kurusha ndege moja aweza kurusha zote. Lakini hata barabarani hatufanyi hivyo. Mwendesha pikipiki hapewi lori lenye matela kwa sababu tu vyote viwili vina magurudumu na injini. Basi angani mambo hupangwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Ujuzi wa rubani hugawanywa kwanza kwa jamii ya vyombo: kuna eropleni zenye mabawa yasiyozunguka, kuna helikopta, kuna ndege zisizo na injini ziteleazo juu ya hewa, na kuna maputo. Kisha ndani ya jamii huja madaraja. Eropleni ya injini moja itokayo nchi kavu ni daraja moja; ya injini moja itokayo majini ni daraja jingine; na zenye injini zaidi ya moja nazo zina madaraja yake mawili, la nchi kavu na la majini. Mgawanyo huo si mzaha wa makarani. Ndege ya injini mbili ikizimikiwa na injini moja, ile iliyobaki huivuta upande, na rubani asiyezoezwa aweza kupinduka katika muda wa kuhesabu mpaka kumi. Injini ya pili, ambayo mtu wa kawaida huiona kuwa ni akiba, kwa asiyejua ni hatari ya ziada.

Hayo ni madaraja ya mtu. Lakini ndege yenyewe nayo ina cheti chake, nacho huitaja kuwa ni ya jamii fulani kwa jinsi ilivyoundwa na kukaguliwa. Kwa hiyo kila safari hukutanisha karatasi mbili, ya mtu na ya chombo, na zisipopatana hapana safari. Kisa changu chote kimo katika pengo la karatasi hizo mbili.

Mwaka 2004 Serikali ya Marekani iliweka jamii mpya ya ndege nyepesi za michezo, na pamoja nayo cheti kipya cha kuzirusha. Nia ilikuwa njema. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuwa rubani binafsi kwa kawaida alipaswa kuwa na mafunzo ya saa zisizopungua 40 na kupimwa na daktari aliyeidhinishwa. Sasa mwenye kutosheka na ndege nyepesi aliweza kufanya mtihani baada ya saa 20, na badala ya hati ya daktari alionyesha leseni yake ya gari. Mipaka ya ndege hizo iliandikwa kwa tarakimu: uzito wake wa kuondokea usizidi pauni 1,320, yaani karibu kilo 600, viti visizidi viwili, injini iwe moja, magurudumu yasiwe ya kukunjwa, na mwendo wake usizidi maili 120 za baharini kwa saa. Kulikuwa na mpaka mmoja zaidi, nao wahitaji maelezo.

Bawa hubeba ndege kwa ajili ya hewa ipitayo juu yake na chini yake. Ndege ikipunguza mwendo, rubani hana budi kuinua pua yake ili bawa liendelee kubeba. Akiiinua mno, hewa hubanduka mgongoni mwa bawa na kuvurugika, na ndege hukosa wa kuibeba. Injini huenda wakati huo ikawa inanguruma vizuri kabisa. Kosa si lake, ni bawa lililoshindwa. Kila ndege ina mwendo wake wa bawa kushindwa, na chini ya mwendo huo haiwezi kuruka. Kwa ndege nyepesi za michezo sheria ilisema mwendo huo usizidi maili 45 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 83. Umuhimu wake ni huu: ndege haiwezi kugusa ardhi polepole zaidi ya inavyoweza kuruka. Injini ikizimika, ukalazimika kutua shambani kwa mtu, mwendo huo ndio utakaoamua kama utatoka ukitembea au utatolewa.

Mwalimu wangu alikuwa mkulima mstaafu wa mahindi na soya katika jimbo la Ohio. Desturi ya huko ni kumwita mtu mzima kwa jina lake la kwanza, hata angekuwa babu yako. Ulimi wangu ulikataa. Nalimwita Mwalimu, akacheka, kisha akazoea, na baadaye hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili nilipoanza kujifunza mwaka 2011. Katika banda lake la bati alikuwa na ndege yake mwenyewe, Cessna 150, aliyoinunua alipokuwa kijana wa kama miaka thelathini na mitano. Ina viti viwili, ni ya upole sana, na marubani wasiohesabika wa dunia hii walianzia katika ndege za namna hiyo. Alikuwa akiifuta vumbi kila Jumamosi. Lakini hakuwa akiirusha.

Nalidhani imeharibika. Kumbe ndege ilikuwa nzima, ila yeye ndiye aliyekuwa na kasoro ya karatasi. Mara ya mwisho alipimwa na daktari mwaka 2003, na hati yake ilikwisha muda mwaka 2005. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua kidogo, naye alijua kuwa akiomba hati mpya huenda akanyimwa. Hapo sheria ilikuwa na ajabu yake, ambayo mpaka leo naiona kuwa ni kasoro: aliyeomba hati ya daktari akanyimwa hakuruhusiwa tena kutumia leseni ya gari, lakini yule ambaye hati yake ilikwisha muda tu, bila kuomba nyingine, aliruhusiwa, mradi yeye mwenyewe ajione kuwa mzima. Yaani mlango ulikuwa wazi kwa asiyebisha hodi. Mwalimu hakubisha. Akawa rubani wa michezo, na kwa cheti chake cha ualimu aliweza kufundisha katika ndege nyepesi.

Cessna 150 ina uzito wa kuondokea wa pauni 1,600. Ilizidi mpaka wa sheria kwa pauni 280, kiasi cha kilo 127. Kwa hiyo mzee aliyeirusha ndege ile kwa zaidi ya miaka thelathini, aliyejua kila mlio wake na kila mtikiso wake, alikatazwa kuigusa. Na papo hapo aliruhusiwa kupanda ndege mpya, ngeni kwake, nyepesi kuliko ile na yenye kurushwa huku na huku na upepo, kwa sababu tu mizani ilisema hivyo. Alipokuwa akieleza habari hiyo hakukasirika. Alisema kuwa ng'ombe humjua mwenye kumkama, lakini mnunuzi wa mnadani humjua ng'ombe kwa kilo.

Sasa nieleze jambo lililotupata, ambalo sehemu kubwa ya lawama yake ni yangu.

Mimi ni mtu mwenye mwili. Wakati ule nalikuwa na kilo 104, na Mwalimu alikuwa na 91. Ndege tuliyokuwa tukijifunzia ilikuwa na uzito wa kilo 376 ikiwa tupu. Toa hesabu yenyewe, msomaji: kilo 600 ukiondoa 376 zabaki 224, ukituondoa sisi wawili zabaki 29. Hizo 29 ndizo zilizokuwa za petroli, nazo ni kama lita 40. Injini ilikula kiasi cha lita 20 kwa saa. Basi ndege yenye matangi yaliyoweza kuchukua lita 90 sisi twaliitilia 40, kwa kuwa hatukutaka kuvunja sheria ya uzito. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 100, sawasawa na ile ya Cessna iliyolala bandani, ambayo hubeba kilo 127 zaidi bila manung'uniko. Sisemi kwamba ndege yetu nyepesi ingeweza kubebeshwa mzigo huo. Mifupa yake haikuundwa kwa ajili hiyo. Nasema kuwa mifupa yake iliundwa hivyo ili ikubaliwe na mizani.

Siku moja mwezi wa Machi 2012 twaliondoka kwenda mji uliokuwa mbali kwa mwendo wa saa moja na dakika kumi kwa hesabu yangu. Naliipiga hesabu hiyo usiku uliotangulia, nikatumia habari za upepo za jioni. Asubuhi Mwalimu aliniuliza kama nimezitazama upya. Nalimjibu kuwa nimezitazama. Nalikuwa nimezitazama kwa jicho la mtu ambaye amekwisha kuamua.

Upepo ulitukabili usoni. Baada ya dakika arobaini nalitazama chini nikaona lori katika barabara kuu likienda sambamba nasi, kisha likatupita. Palikuwa na kiwanja kidogo cha ndege upande wa kushoto. Mwalimu alikitazama kiwanja, akanitazama mimi, hakusema neno. Nalijua maana yake. Lakini mjini tulikokuwa tukienda palikuwa na rafiki zangu wawili, Wakenya, waliokuja kunitazama nikitua, nami nikasema tutafika. Kutoka hapo sikumbuki mandhari yoyote. Nakumbuka vipimo viwili vya petroli, vilivyokuwa vikicheza huku na huku juu ya mstari wa mwisho, na mikono yangu ilivyolowa jasho katika baridi ya mwezi wa Machi. Twalitua baada ya saa moja na dakika arobaini na nane. Rafiki zangu walipiga makofi.

Mwalimu alichukua kijiti cha kupimia, akakitumbukiza tangini, akakitoa na kunipa. Ncha yake tu ndiyo iliyolowa. Twalibakiwa na lita kama nne, yaani dakika kumi na mbili za uhai wa injini. Hakunikaripia. Alisema, "Nalipaswa kukuamuru ugeuke. Nalitaka ugeuke mwenyewe. Hilo ni kosa langu, na la kwako walijua." Kisha akanipa kijiti kile nikichukue. Ninacho hata sasa, karibu na kadi.

Siwezi kuisingizia sheria. Haikunikataza kugeuka kushoto, wala haikuniambia niseme uongo juu ya upepo. Hata hivyo, tangu siku ile sikuweza tena kuamini kuwa uzito peke yake ni kipimo cha usalama. Ninyi mliosoma fizikia mnajua kuwa nguvu ya kitu kiendacho ni nusu ya uzito wake mara mraba wa mwendo wake. Ukiongeza uzito maradufu, kishindo huongezeka maradufu. Ukiongeza mwendo maradufu, kishindo huwa mara nne. Anayeogopa kuanguka na autazame mwendo kwanza. Na katika kupunguza kilo, waundaji wa ndege hupunguza pia vitu vingine: unene wa mabati, uimara wa magurudumu, nafasi ya petroli. Ndivyo tulivyopunguza sisi.

Nalirudi Kenya mwaka 2014, nikakuta kwamba kadi yangu haivuki bahari. Mataifa yalipokutana Chicago mwaka 1944 yalifanya mapatano juu ya usafiri wa anga, na nyongeza ya kwanza ya mapatano hayo huweka kanuni za vyeti vya marubani. Kenya huzifuata. Cheti cha rubani binafsi chataka uchunguzi wa daktari, na saa 40 za kuruka, au 35 kwa aliyesoma katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Cheti changu, chenye saa 20 na leseni ya gari, ki chini ya kipimo hicho. Ni ruhusa ya nyumbani kwao Wamarekani, nayo haimlazimishi mwenye nyumba mwingine. Sikulalamika. Nchi ina haki ya kujua anayeruka juu ya mapaa yake. Ila ada za masomo mapya zilinishinda, na kazi ya ualimu haikuniachia nafasi, nikabaki kuzitazama ndege za Wilson kutoka dirisha la basi.

Twaliandikiana na Mwalimu. Mwaka 2017 Marekani ilifungua mlango mwingine: aliyewahi kuwa na hati ya daktari aliruhusiwa kuendelea kwa kuchunguzwa na daktari wake wa kawaida. Nalimwandikia kwa furaha. Akanijibu kwa mistari miwili: hati hiyo ilipaswa kuwa hai wakati wowote baada ya kati ya Julai 2006, na yake ilikwisha 2005. Alimaliza kwa kusema kuwa ameipaka ndege rangi upya.

Mwezi wa Julai 2023 wakuu wa usafiri wa anga walitoa pendekezo la kuufuta mpaka wa uzito. Walitaka mtu mwenye cheti cha michezo aruhusiwe ndege ndogo ambayo mwendo wake wa bawa kushindwa hauzidi tarakimu fulani, ukipimwa bila kushusha vile vibao vya nyuma ya mabawa visaidiavyo kutua. Wananchi walitoa maoni. Wengi walilalamika kuwa kwa tarakimu hiyo ndege nyingi za kawaida, zenye tabia njema, zingeachwa nje tena. Tarehe 22 Julai 2025, katika maonyesho makubwa ya ndege ya Oshkosh, Wisconsin, sheria yenyewe ilitangazwa, na tarakimu ilikuwa 59. Sehemu ihusuyo marubani ilianza kutumika tarehe 22 Oktoba 2025. Sehemu ihusuyo uundaji wa ndege za jamii hiyo iliwekewa tarehe ya 24 Julai 2026, nayo ina mpaka wake tofauti: maili 61, zikipimwa katika hali ya kutua. Viti vyaweza kuwa vinne, lakini rubani wa michezo hapakii zaidi ya abiria mmoja. Viti viwili vya nyuma ni vya mizigo, au vya hewa. Usiku waruhusiwa, kwa mwenye mafunzo ya usiku na uchunguzi wa daktari. Magurudumu ya kukunjwa yaruhusiwa, kwa aliyefundishwa kuyatumia na mwalimu akaweka sahihi katika daftari lake.

Si kila jambo katika sheria hiyo lanipendeza. Kutoka maili 45 mpaka 59 si hatua ndogo. Ukizidisha kila moja kwa nafsi yake utaona kuwa kishindo huongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili, hata kabla ya kuhesabu uzito ulioongezeka. Atakayehama kutoka ndege nyepesi kwenda ndege ya viti vinne bila kufundishwa vema atakuwa amebadilisha hatari moja kwa nyingine. Walakini mpaka uliowekwa sasa umepima jambo lenyewe. Cessna 150 haikaribii 59. Hata dada yake mkubwa, Cessna 172 ya viti vinne, imo ndani.

Tarehe 22 Oktoba nalimpigia Mwalimu simu. Alikuwa na umri wa miaka themanini na sita. Nalimwuliza kama ameitoa ndege bandani. Akasema ameitoa, ameiwasha, ameiendesha mpaka mwisho wa kiwanja chake cha majani, akaizima, akakaa ndani yake kwa muda. Kisha akaisukuma kuirudisha, akisaidiwa na jirani.

Nalimwuliza kwa nini. Sheria ile ile iliyomfungulia ilikuwa imemwachia kazi ya kujipima mwenyewe kila siku kabla ya kuruka, kama ilivyokuwa tangu 2004. Alisema kuwa siku ile alijipima, akaona kuwa shingo yake haigeuki tena vya kutosha kutazama nyuma ya bawa la kushoto. "Miaka ishirini nilikuwa nikiwaambia kuwa wanapima kitu kisichohusu," alisema. "Sasa wamenipa kipimo niliyekitaka, na mimi nimekitumia."

Ana mjukuu wa kike aliyepata cheti cha michezo mwaka 2024 katika ndege nyepesi. Mwalimu mwingine alimzoeza tabia za Cessna kwa majuma kadha. Mwezi wa Novemba siku moja isiyo na upepo walipanda, binti katika kiti cha kushoto, babu yake katika kiti cha abiria, wakazunguka juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa kwa muda wa saa moja na nusu. Mwalimu aliniandikia usiku ule. Hakuandika habari za mashamba wala za jua. Aliandika kuwa walipotua alimpa binti kijiti kipya cha kupimia, naye alikuta tangini petroli ya saa mbili na nusu.